UZI: Kituo cha kulaza na kuuguza wagonjwa wa muda mrefu Unguja: leseni, jengo, zamu na ukaguzi

FuoniMambosasa

Assalaam alaykum wana jukwaa.

Kuna nyumba ya chini Fuoni, vyumba saba, ua mpana, gari inafika mlangoni. Nia ni kufungua kituo cha wagonjwa walioruhusiwa hospitali lakini nyumbani hawauguziki: aliyepooza upande mmoja, mwenye kidonda cha mgongo, anayelishwa kwa mpira wa puani, mwenye sukari aliyekatwa mguu. Vitanda kumi na viwili. Si zahanati ya kutibu homa, wala si nyumba ya kulelea wazee tu. Marekani vituo vya namna hii vina leseni yake peke yake.

Naulizia mambo manne. Naanzia ofisi gani? Nyumba ya kawaida inafaa au lazima nijenge? Wauguzi wangapi? Na mkaguzi akija anatazama nini khasa? Naomba majibu ya kufanyia kazi.

Karani_wa_Vibali

Wa alaykum salaam. Usianze na ofisi, anza na karatasi moja. Andika humo: nampokea mgonjwa wa aina gani, nitamfanyia nini, nani atakayemfanyia, na mgonjwa gani simpokei. Hiyo ndiyo itakayoamua uko chini ya nani. Wengi huandika jina zuri tu, "kituo cha kulelea wazee na wagonjwa", na hapo hapo mkanganyiko unaanza, kwa sababu hayo ni mambo mawili yenye wizara mbili.

Kulea mzee, yaani kumpa chumba, chakula, kumuogesha, kumtoa barazani apate upepo, ni kazi ya ustawi wa jamii. Serikali ina nyumba zake za namna hiyo Sebleni na Welezo kwa Unguja na Limbani kwa Pemba, na mambo ya wazee yako Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wazee na Watoto. Kuuguza ni jengine. Ukishapiga sindano, ukibadilisha mpira wa mkojo, ukisafisha kidonda kilichofika mfupani, unafanya kazi ya hospitali hata kama kibao cha mlangoni kimeandikwa "nyumba". Hapo unaingia kwenye Sheria ya Hospitali Binafsi ya 1994 na Bodi ya Hospitali Binafsi iliyo chini ya Wizara ya Afya. Kwa wagonjwa uliowataja, mlango wako ni huo. Peleka ile karatasi na barua ya kuomba wakuelekeze kituo chako kinaingia daraja gani, na jibu ulipate kwa maandishi. Maneno ya ukumbini hayana muhuri. Fanya hivyo kabla hujalipa kodi ya nyumba ya mwaka.

La pili, usichanganye karatasi. Usajili wa kampuni uko BPRA, mambo ya kodi ZRA, halafu kuna leseni ya biashara. Zote hizo zinakuruhusu kuwa mfanyabiashara, hakuna hata moja inayokuruhusu kumlaza mgonjwa. Leseni ya kituo ni ya Bodi. Leseni ya mtu ni ya Baraza: muuguzi Baraza la Wauguzi na Wakunga Zanzibar, daktari Baraza la Madaktari Zanzibar. Na kumbuka afya si jambo la Muungano. Muuguzi aliyesajiliwa bara tu, hata akiwa hodari vipi, mpeleke Baraza la hapa kabla hajashika zamu. Ukiwa na mwenzako mgeni mkapitia ZIPA, mamlaka ya uwekezaji, cheti cha uwekezaji hakisimami badala ya leseni ya afya. Dawa ziulizie ZFDA, mazingira na taka ZEMA, moto Kikosi cha Zimamoto na Uokozi. Na Sheha wa shehia yako ajue mapema kutakuwa na wagonjwa na magari ya usiku. Usisubiri majirani wakamweleza wao.

Ughaibuni_Ohio

Kwa kuwa Marekani imetajwa, nieleze inavyokwenda, kwa sababu wengi wanaiga jina na kuacha mfumo.

Kule kuna karatasi mbili. Jimbo linatoa leseni ya kuendesha kituo. Serikali kuu inatoa uthibitisho wa kulipwa na bima zake, Medicare ya wazee na Medicaid ya wasio na uwezo. Unaweza kuwa na ya kwanza bila ya pili, ila hutalipwa na bima hizo. Kanuni za serikali kuu zimetokana na sheria ya 1987, iliyopitishwa baada ya malalamiko mengi kuhusu wazee kufungwa vitandani na kuachwa na vidonda.

Mpaka wao baina ya kuuguza na kulea tu ni huu: huduma inahesabika ya kitaalamu ikiwa haiwezi kufanywa salama bila muuguzi mwenye leseni au mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kuogesha na kulisha mtu anayemeza vizuri si ya kitaalamu. Kulisha kwa mpira, dawa za mshipa, kidonda kirefu, mazoezi baada ya kiharusi, hizo ndizo. Medicare inalipia hadi siku 100 katika kipindi kimoja cha ugonjwa, tena kwa kawaida baada ya mgonjwa kulazwa hospitali siku tatu mfululizo. Yaani kile ni kituo cha kupita baina ya hospitali na nyumbani. Anayebaki miaka analipiwa kwa njia nyengine.

Vipimo vyao vya kuchukua, kwa maoni yangu: mpango wa awali wa uuguzi ndani ya saa 48 tangu mgonjwa aingie. Tathmini kamili ndani ya siku 14, ipitiwe upya kila miezi mitatu. Daktari amuone angalau mara moja kila siku 30 kwa siku 90 za mwanzo, halafu kila siku 60. Mfamasia apitie dawa za kila mgonjwa kila mwezi. Makosa ya dawa yasifike asilimia 5. Muuguzi mwenye leseni awepo saa zote 24, na katika hizo muuguzi wa ngazi ya juu saa 8 mfululizo kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Msaidizi wa muuguzi asomeshwe saa 75 kabla ya kuachiwa peke yake. Hakuna hata kimoja katika hivi kinachotaka mashine ya bei kubwa.

Mkaguzi kule haji kwa ahadi. Kila kituo lazima kikaguliwe kabla ya miezi 15 kupita tangu ukaguzi uliopita. Kila dosari inapewa herufi kuanzia A hadi L, kwa kupima mambo mawili: imedhuru kiasi gani, na imeenea kwa wangapi. J, K na L maana yake mgonjwa yuko hatarini sasa hivi.

Fundi_Kikwajuni

Jengo. Nyumba ya chini ni bahati, ishike. Nyumba za Mji Mkongwe watu wanazipenda kwa uzuri wake, ila kwa mgonjwa wa kitanda hazifai: kizingiti cha mlango kimepanda, ngazi zimesimama kama za dari, na huwezi kuvunja ukuta kwa kuwa mji ule uko kwenye urithi wa dunia tangu 2000 na kila badiliko lina kibali chake.

Anza na mlango. Kitanda cha hospitali kina upana wa karibu mita moja. Mlango wa chumba cha kawaida ni sentimita 80 au 90, kwa hiyo kitanda hakitoki. Siku ya moto au ya kumkimbiza mtu hospitali utamburura kwa shuka. Panua uwazi ufike sentimita 120. Mtelemko wa kiti cha magurudumu ni moja kwa kumi na mbili: baraza yako ikiwa juu kwa sentimita 60, mtelemko unataka urefu wa mita 7.2. Watu wanajenga wa mita mbili kisha wanashangaa kiti kinarudi nyuma na mtu wake.

Vyumba: kipimo cha Marekani ni mita za mraba 7.4 kwa mgonjwa kwenye chumba cha pamoja na 9.3 kwa anayelala peke yake, na vituo vipya visizidishe wawili kwa chumba. Chumba cha futi kumi kwa kumi kwa hiyo ni cha mtu mmoja. Pima chako kabla ya kuhesabu vitanda. Vyumba saba ukitoa cha wauguzi, cha dawa na cha nguo chafu, vinabaki vinne. Kumi na viwili unavitia wapi?

Madirisha ya nondo: angalau moja kila chumba liwe la kufunguka kwa ndani bila ufunguo. Hilo Zimamoto watakuuliza, na wasipokuuliza lifanye.

Maji: hesabu lita 40 hadi 60 kwa mgonjwa kwa siku, na nguo juu yake. Wagonjwa kumi na viwili ni lita 720, kufua kutakupeleka elfu moja na zaidi. Tangi la lita 5,000 linakupa siku nne hivi. Kisima chako kikiwa na chumvi hakifai kuoshea kidonda wala kuchanganyia dawa ya kuulia vijidudu.

NesiZamuYaUsiku

Fundi ameacha umeme, na hapo ndipo mtu anapofia.

Unguja ilikaa gizani kama miezi mitatu, Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa baharini ulipoharibika, na 2008 ilikuwa karibu mwezi mzima. Siku hizi ni saa chache, lakini saa mbili zinatosha. Mashine ya oksijeni ya lita 5 kwa dakika inakula wati 350 hivi, na umeme ukikatika inanyamaza pale pale. Weka mtungi kando ya kila mgonjwa anayetegemea mashine, na uandike kwa rangi ubaoni unadumu saa ngapi. Mtungi mdogo wa lita 680 ukifunguliwa lita 2 kwa dakika unakwisha baada ya saa tano na nusu. Mkubwa wa lita 6,800 unakwenda zaidi ya siku mbili. Kila zamu ifungue valvu isome geji. Mtungi kuwepo chumbani si dalili kuwa una kitu ndani.

Friji ya insulini: nyuzi 2 hadi 8, kipimajoto ndani, isomwe asubuhi na jioni na kuandikwa. Isiguse bamba la barafu, maana iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Chupa iliyofunguliwa, insulini nyingi hukaa nje hadi siku 28 chini ya nyuzi 30, lakini msimu wa kaskazi chumba chako kinapita nyuzi 30 mchana. Kwa hiyo iliyofunguliwa nayo rudisha ndani, na tarehe ya kufunguliwa iandikwe kwenye chupa yenyewe. Boksi hutupwa.

Na friji ya dawa isitiwe samaki wala juisi ya mtu.

FuoniMambosasa

Nimeelewa hesabu ya vyumba, naona vitanda sita kwa kuanzia. Basi wauguzi sita wanatosha?

Metroni_Mstaafu

Mwanangu, tuhesabu pamoja, maana hapa ndipo vituo vinapovunjikia.

Wiki ina saa 168. Mtu mmoja akifanya saa 40, kiti kimoja cha muuguzi kisichoachwa wazi usiku na mchana kinataka watu 4.2. Ongeza likizo, uzazi, msiba, ugonjwa, sikukuu: watano. Yaani wauguzi watano wenye leseni ndio wanaokupa muuguzi MMOJA aliyeko muda wote. Ukiajiri wawili ukasema mmoja mchana mmoja usiku, baada ya wiki sita wamechoka, na usiku anabaki msaidizi asiye na leseni akiwa na ufunguo wa kabati la dawa. Leseni yako ukutani inasema jengine kabisa.

Tena wagonjwa wako ni wake kwa waume. Mwanamke wa hapa hataki kuogeshwa wala kuwekewa mpira wa mkojo na mwanamme, na haki yake. Kila zamu iwe na mwanamke mwenye leseni, na mwanamme wa kusaidia kunyanyua. Hilo liingie kwenye ratiba tangu mwanzo, usije kulikumbuka saa nane za usiku.

Wasaidizi: kwa mgonjwa asiyejigeuza, watu wawili wanamgeuza. Mmoja akimvuta peke yake ngozi inachubuka juu ya shuka, kidonda kinaanza siku hiyo. Kwa vitanda sita weka muuguzi mmoja na wasaidizi wawili mchana, muuguzi mmoja na msaidizi mmoja usiku. Pungufu ya hapo mimi sikushauri ufungue.

Ughaibuni_Ohio

Kulinganisha tu: 2024 serikali ya Marekani ilitoa kanuni ya saa 3.48 za uuguzi kwa kila mgonjwa kwa siku. Ndani yake 0.55 za muuguzi wa ngazi ya juu na 2.45 za msaidizi. Mahakama ya serikali kuu iliyoko Texas iliitengua 2025. Lakini hesabu yake inasaidia. Wagonjwa sita mara 3.48 ni saa 20.88 kwa siku. Ratiba ya Metroni, kwa zamu mbili za saa 12, ni watu watano, saa 60. Iko juu sana ya ile.

Metroni_Mstaafu

Iko juu kwa sababu kituo ni kidogo. Usiku mtu mmoja ni mtu mmoja, awe na wagonjwa sita au kumi na wawili, huwezi kumkata nusu. Ndiyo maana vitanda sita vina gharama kubwa kwa kila kitanda. Yeye apige hesabu yake ya bei akijua hivyo, asije akaziba pengo kwa kupunguza mtu wa usiku.

KaguaKwanza

Swali la ukaguzi. Wengi wanadhani mkaguzi anakuja kuhesabu vitanda na kusoma vyeti. Vyeti atavisoma dakika kumi. Baada ya hapo atachagua mgonjwa mmoja, aliye hoi kuliko wote, na kumfuata kuanzia faili hadi kwenye shuka. Jifanyie wewe kabla yake, kila mwezi.

Chukua karatasi ya kugeuza. Saa 2 usiku ubavu wa kushoto, saa 4 chali, saa 6 ubavu wa kulia, hadi alfajiri. Mwandiko mmoja, wino mmoja, hakuna dakika iliyochelewa. Karatasi safi namna hiyo imejazwa kwa mkupuo. Sasa nenda kitandani, nyanyua kisigino, kiguse kwa mgongo wa mkono. Ngozi yetu nyeusi haikuoneshi wekundu ule wa vitabuni, utaona weusi uliokoza, utahisi joto, na pahala pagumu au palipolegea kuliko pembeni yake. Hicho ni kidonda kimeshaanza, na karatasi inasema mgonjwa aligeuzwa mara sita. Dosari mbili kwa mguso mmoja: kidonda, na kumbukumbu ya uongo. Ya pili ni mbaya zaidi kwa sababu inatia shaka kila karatasi nyengine humo ndani.

Dawa yake si kuwakemea wauguzi. Karatasi ikae kitandani, si mezani. Kila anayegeuza atie saini yake na saa aliyogeuza kweli, hata ikiwa imechelewa. Ukiadhibu aliyeandika "saa 4:40" badala ya saa 4, kesho ataandika saa 4. Kugeuza kwenyewe ni kila saa mbili kwa aliye hatarini, alale kwa kuinamia ubavu nyuzi 30 na mto mgongoni, visigino vining'inie hewani kwa mto chini ya shavu la mguu. Pete ya mpira chini ya makalio acha, inakata damu pembezoni.

Mpira wa puani: kabla ya kila mlo vuta majimaji kidogo, yapime kwa karatasi ya asidi, 5.5 au chini. Kusikiliza hewa tumboni kwa kipimo cha masikioni hakutoshi, mpira ulioingia pafuni nao unaweza kutoa mlio. Kichwa nyuzi 30 hadi 45 wakati wa kulisha, abaki hivyo nusu saa hadi saa nzima. Maji mililita 30 kabla na baada. Mpira ukiziba mara kwa mara, tazama jikoni: uji haukuchujwa, au vidonge vimesagwa vikubwa.

Mfuko wa mkojo uning'inie chini ya kibofu na usiguse sakafu, umwagwe ukifika theluthi mbili. Na kila asubuhi muuguzi ajiulize kwa maandishi: huyu bado anauhitaji? Mpira uliosahauliwa mwezi mzima ni homa inayosubiri.

Taka: ndoo nyekundu ya vilivyoloa damu, ya njano ya vya kuambukiza, nyeusi ya kawaida. Boksi la sindano lifungwe likifika robo tatu. Jiki ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa sita za maji, inakupa 0.5 ya kuulia damu iliyomwagika. Ichanganywe kila siku, maana ya jana imeshapungua nguvu. Kama huna kichomea taka, mkataba wako na anayekuchomea uwe kwenye faili, pamoja na stakabadhi za kila safari.

NesiZamuYaUsiku

Na kabati la dawa. Dawa aliyokuja nayo mgonjwa ni yake, ina jina lake, haigawiwi kwa mwenzake hata ikiwa sawasawa. Dawa kali za maumivu kama mofini: kufuli mbili, daftari lenye kurasa zilizopigwa namba, saini mbili kila inapotoka, zihesabiwe wakati wa kukabidhiana zamu, anayetoka na anayeingia wamesimama pamoja. Sukari ya damu ikishuka chini ya 4 (mmol/L) muuguzi asisubiri kumpigia dakta kwanza. Utaratibu uwe umeshaandikwa na kutiwa saini na dakta: anayemeza apewe sukari ya kunywa na apimwe tena baada ya dakika 15, asiyemeza apewe kwa mshipa.

MtuWaBaraza

Naongeza moja kwa wanaojenga mabafu: maji ya moto. Aliyepooza na mwenye sukari hahisi. Ndoo itiwe maji baridi kwanza, ya moto yaongezwe, na muuguzi atumbukize kiwiko chake. Kipimo cha juu wanachofuata wengi ni nyuzi 49, kwa mzee mimi nasema 40 zinatosha.

MzawaWaChake

Na sisi wa Pemba tusisahauliwe, kuna wanaofikiria hili Chake. Ila mkataba wa rufaa, yaani wa kumpeleka mgonjwa hospitali kubwa, wa Pemba hauwezi kunakiliwa kutoka wa Unguja. Fuoni hadi hospitali ya Mnazi Mmoja ni safari ya gari. Chake hadi hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, ni safari ya gari pia, lakini ikihitajika kuvuka, kuna bahari. Andika: mgonjwa wa namna gani anakwenda Mkoani, wa namna gani anavushwa, nani anampigia nani, oksijeni ya njiani lita ngapi, muuguzi yupi anaondoka naye na yupi anaziba nafasi yake. Zidisha mtungi: saa za safari mara mbili, bahari ikichafuka msije mkakwama bandarini na geji inasoma sifuri. Kwenye ile karatasi ya "simpokei", Pemba iwe ndefu zaidi. Anayehitaji kunyonywa makohozi kila saa asilazwe mahali ambapo msaada wa juu uko ng'ambo.

FuoniMambosasa

Nashukuru sana. Mawili yamebaki. Jamaa wa mgonjwa wanaomba afungwe mkono asing'oe mpira. Na ikitokea kifo usiku tufanyeje?

Metroni_Mstaafu

Usimfunge. Najua jamaa wanasema kwa huruma, lakini aliyefungwa hageuki, haoshwi vizuri, anapigana na kitambaa mpaka ngozi ya kifundo inachanika, na akitapika yuko chali hana mkono. Kule Marekani kufunga mtu kwa urahisi wa wafanyakazi kumepigwa marufuku, na hapa liwe mwiko kwenye karatasi zako hata kabla hujaulizwa. Tafuta kwanza kwa nini anavuta: mpira umebandikwa vibaya unamkuna, kibofu kimejaa, ana maumivu, ana kiu. Badilisha bandiko, pitisha mpira nyuma ya sikio, mvalishe glovu nene ya kitambaa isiyofungwa popote, mpe kitu cha kushika. Tasbihi inawatuliza wengi. Mkaribishe mwanawe akae naye saa zile anazohangaika zaidi, mara nyingi magharibi. Ikishindikana kabisa, muulize dakta: huyu bado anahitaji mpira, au tujaribu kumlisha kwa kijiko uji mzito akiwa kakaa wima?

Kitanda kipange mgonjwa aweze kuelekea kibla akitaka, na jiwe safi la kutayamamia liwe chumbani kwa asiyeweza maji. Ramadhani ikikaribia, kila mwenye sukari dakta amkalishe na jamaa zake mapema waamue, isiwe mabishano ya daku.

Kifo: wakati wa kumpokea mgonjwa andika nani wa kupigiwa, namba mbili, na kama hospitali yake ilishasema hakuna la kufanya tena. Usiku muuguzi anaandika saa na alichokiona, dakta wa zamu anakuja kuthibitisha na kuandika sababu. Jina la dakta huyo na wa akiba wake yawe ubaoni kila usiku. Jamaa watataka kuzika mapema kama ilivyo dini yetu, na bila karatasi ya dakta watakwama, kisha watakwama tena kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Mwili usitiriwe, mpira na katheta zitolewe, usafishwe, na mpe mwanawe wa kike au wa kiume nafasi ya kukaa hapo kabla ya gari. Kifo cha ghafla au cha kuanguka usiguse kitu, pigia dakta na polisi.

Karani_wa_Vibali

Malipo kidogo. Pensheni jamii ya wazee wa miaka 70 na zaidi ni fedha ndogo, usiipigie hesabu kuwa itamlipia mtu kitanda. Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar uliza kwa maandishi kitu gani katika huduma zako wanakilipia, kabla ya kuwaambia jamaa "bima itabeba". Mkataba na jamaa uwe wa Kiswahili na useme: bei ya siku, nini kimo na nini hakimo, nani ananunua dawa na pampasi, na akishindwa kulipa mgonjwa anapewa notisi ya siku ngapi. Siku 30 ndiyo kipimo cha Marekani, na ni cha utu. Mgonjwa asizuiwe kituoni kwa deni.

FuoniMambosasa

Basi mpango ni huu: vitanda sita, karatasi ya wagonjwa Bodi wiki hii, kodi ya nyumba inasubiri jibu. Wauguzi watano, wote wanawake, pamoja na wasaidizi. Fundi anakuja Jumamosi kupanua milango.

Fundi_Kikwajuni

Mlango uusubirishe pamoja na kodi, usivunje ukuta wa mwenye nyumba kabla ya jibu. Jumamosi aje na futi tu. Na aingie chooni: kiti cha magurudumu kinataka duara la mita 1.5 kugeuka, mlango ufunguke kwa nje ili mtu akianguka ndani asiuzibe, na vishikio vifungwe kwenye tofali, si kwenye marumaru. Choo cha chumba cha nyuma kikiwa chini ya mita moja na nusu, hicho si chumba cha mgonjwa.